Umeme Umerudi, Mashine Pepe Haiwaki

Umeme ukikatika ghafla, hasara kubwa kwenye mashine pepe mara nyingi haitokei dakika ile ya giza. Hutokea katika saa inayofuata, pale mtu wa IT, bosi akiwa amesimama mlangoni na wahasibu wakiuliza mfumo unarudi lini, anapoanza kujaribu kila amri ya ukarabati anayoikumbuka. Hoja yangu ni moja. Mashine pepe inayogoma kuwaka baada ya kuzimika ghafla, kwa kawaida bado inatunza kumbukumbu ya kazi iliyoachwa katikati, na zana zote za ukarabati zimegawanyika mafungu mawili: zinazoimalizia kazi hiyo, na zinazoitupa. Fundi akilijua fungu la zana kabla hajaigusa, data nyingi huokoka.

Ugumu unatokana na wingi wa matabaka. Mhasibu akibonyeza kitufe cha kuhifadhi, muamala wake hutoka kwenye hifadhidata, hupita kwenye mfumo wa faili wa mashine pepe, huingia kwenye faili kubwa ambalo mashine pepe huliona kama diski yake, faili hilo nalo limo ndani ya mfumo wa faili wa seva mwenyeji, na chini kabisa ipo diski halisi yenye kumbukumbu yake ndogo ya muda. Kila tabaka linaweza kujibu kwamba limeshaandika wakati data bado inaelea kwenye RAM. Umeme ukikatika, tabaka moja linabaki na habari za sekunde ya mwisho, jingine limeachwa nyuma kwa sekunde tano, jingine kwa thelathini. Mashine haiwaki kwa sababu tabaka mojawapo limegundua hesabu hazilingani. Lipi? Hilo ndilo swali la kwanza, na ndilo linalorukwa mara nyingi.

Mazingira yetu yanaongeza uzito wa jambo hili. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme kwa mkupuo mmoja, na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta nao haukusalimika. Tanzania tunaujua mgao, na tunaijua LUKU inayokwisha mchana wa kazi kwa sababu aliyetumwa kununua uniti hakununua. Umeme pia una tabia ya kurudi, kukaa dakika chache, kisha kukatika tena. Mifumo ya kisasa ya faili imeundwa kustahimili kuzimwa mara ya pili inapokuwa inajirekebisha yenyewe, lakini zana za ukarabati zinazoendeshwa kwa mkono hazina kinga hiyo. Kwa hiyo seva isiguswe mpaka umeme utulie au jenereta ishike vizuri.

Uchunguzi uanzie nje, kwa mwenyeji. Chukua seva ya zamani iliyokaa kwenye umeme miaka mingi bila kuzimwa. Betri yake ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama ilishakufa zamani, ila umeme wa ukutani ulikuwa unaficha kifo hicho. Umeme ukiondoka, BIOS inasahau mipangilio na kurudi ilivyotoka kiwandani, na kwenye mbao mama nyingi hali hiyo ya kiwandani imezima VT-x ya Intel au AMD-V. Mashine pepe inakataa kuwaka papo hapo, diski yake ikiwa salama kabisa. Saa nayo imerudi nyuma miaka kadhaa, basi vyeti vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika, domeni ya Windows, ambayo kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu, inawakataa watumiaji wote, na fsck, zana ya Linux ya kukagua mfumo wa faili, inalalamika kwamba diski ilitumika mara ya mwisho siku ambayo bado haijafika. Fundi asiyeitazama tarehe ya mwenyeji anaweza kushinda siku nzima akikarabati kisichoharibika.

Ndugu wa tatizo hilo ni keneli. Masasisho ya Linux yaliingia wiki kadhaa zilizopita, lakini hakuna aliyewahi kuiwasha seva upya. Umeme ulipokatika, seva ikaamka na keneli mpya, na moduli ya VirtualBox iitwayo vboxdrv ilikuwa imejengwa kwa ajili ya ile ya zamani. Dawa ni kuijenga moduli upya, basi. Na kabla ya yote, tazama nafasi ya diski ya mwenyeji. Diski pepe zinazokua kidogo kidogo huahidi nafasi kuliko iliyopo, na nafasi ikiisha mashine husimamishwa au hushindwa kuanza. Katika hali zote hizi kuzimika hakukuharibu kitu. Kumefichua ubovu uliokuwapo.

Kama mwenyeji ni mzima, soma logi kabla ya jaribio la pili. Nasisitiza kabla ya jaribio la pili, kwa sababu VirtualBox huhifadhi logi ya sasa pamoja na tatu za nyuma tu: VBox.log, kisha VBox.log.1 hadi VBox.log.3. Kila mashine inapoanza, zinasogezwa. Mtu akibonyeza kitufe cha kuwasha mara nne kwa hasira, logi ya siku ya tukio imeondoka, na pamoja nayo ushahidi wa kilichokuwa kinaendelea umeme ulipokatika. Nakili folda nzima ya logi mahali pengine. Haichukui hata dakika moja.

Ndani ya folda ya mashine yenyewe kuna kosa jingine linalotisha lakini tiba yake ni nyepesi. Maelezo ya mashine, yaani ina RAM kiasi gani na diski zake ziko wapi, hukaa kwenye faili dogo lenye mkia wa .vbox. Baada ya kuzimika, faili hilo linaweza kuwa limetoweka, au lipo na ukubwa wake ni sahihi, ila ukilifungua ndani yake ni sifuri tupu. Maana yake mfumo wa faili wa mwenyeji uliwahi kuandika jina na ukubwa, lakini yaliyomo yalikuwa bado kwenye RAM. Pembeni yake huwa kuna ndugu yake mwenye mkia wa .vbox-prev, ambaye ni toleo lililotangulia. Linakiliwe, nakala ipewe jina la faili lililokufa, na mara nyingi mashine inarudi kwenye orodha kana kwamba hakukuwa na tukio. Wapo waliofuta mashine nzima na kuanza upya huku faili hilo limekaa palepale.

Makufuli yanahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa ujumbe unaofanana una maana tofauti kwenye mifumo tofauti. VMware Workstation huweka folda zenye mkia wa .lck kando ya diski kuonyesha kwamba inatumika. Umeme ukikatika hakuna wa kuziondoa, hivyo hubaki pale na kumzuia hata mwenye mali. Ukishahakikisha hakuna programu inayoitumia mashine hiyo, zihamishe kando. Kuhamisha ni bora kuliko kufuta. QEMU ni tofauti. Tangu toleo la 2.10 la mwaka 2017 hufunga faili la diski kwa kufuli linaloshikiliwa na keneli, na kufuli hilo hufa pamoja na mchakato uliolishika. Kwa hiyo kama diski iko kwenye seva hiyohiyo na QEMU inasema imeshindwa kupata kufuli la kuandika, uwezekano mkubwa ni kwamba kuna mchakato hai unaolishika sasa hivi. Huenda mashine ilishajiwasha yenyewe seva ilipoamka, na wewe unajaribu kuiwasha mara ya pili. Kulipuuza kufuli hilo kwa nguvu ni kuziruhusu mashine mbili ziandike kwenye diski moja, na uharibifu wa namna hiyo huzidi kwa mbali ule wa umeme. Diski ikiwa kwenye hifadhi ya mtandao kama NFS, kufuli linaweza kubaki hata baada ya mwenyeji kufa, na hapo ndipo pa kuulizana na seva ya hifadhi.

Halafu kuna hali iliyohifadhiwa, yaani RAM ya mashine iliyomwagwa kwenye faili ili mashine ilale na kuamka ilipoishia. Ikigoma kuamka, VirtualBox inakuruhusu kuitupa kwa amri ya discardstate, na libvirt kwa managedsave-remove. Hizi ni zana za fungu la kutupa. Kuzitumia ni sawasawa na kuichomoa mashine kwenye umeme mara nyingine, kwa kuwa ndani ya RAM ile kulikuwa na data ambayo haijafika kwenye diski. Lakini kuikumbatia hali hiyo nako kuna hatari yake. Kama diski ilishafunguliwa kwingine na kuandikwa baada ya mashine kulala, RAM ile inaikumbuka diski isiyokuwapo tena, na ikiamka itaandika juu ya mabadiliko bila kuyajua. Swali la kuamua ni hili: diski imeguswa tangu mashine ilale? Kama haijaguswa, pigania kuiamsha. Kama imeguswa, tupa hali hiyo.

Sasa tunafika kwenye diski yenyewe, na hapa sikubaliani na yeyote anayeanza kukarabati bila nakala. Watu husema hakuna nafasi ya kunakili diski ya GB 500, na kwa ofisi nyingi ni kweli. Lakini QEMU ina njia isiyohitaji nafasi hiyo. Amri "qemu-img create -f qcow2 -b seva.qcow2 -F qcow2 jaribio.qcow2" hutengeneza faili dogo linaloegemea diski ya asili. Ukiiwasha mashine kupitia jaribio.qcow2, kila inachosoma kinatoka kwenye diski ya asili, na kila inachoandika kinaingia kwenye faili jipya tu. Endesha fsck humo, jaribu hata zana kali, vunja, ufute faili la jaribio, uanze tena. Diski ya asili haijabadilika hata baiti moja. Njia hii inafaa pale kapu la qcow2 lenyewe, yaani faili linalobeba diski pepe, likiwa zima na ugonjwa uko ndani, kwenye mfumo wa faili. Kama diski halisi ya mwenyeji ndiyo inayotoa makosa ya kusoma, basi nakala kamili kwa ddrescue haikwepeki, na ifanyike kabla diski haijachoka kabisa.

Kujua kama kapu ni zima, kuna "qemu-img check", ambayo bila nyongeza yoyote husoma tu. Ikirudisha namba 3, imeona nafasi zilizovuja: vipande vilivyotengwa ambavyo hakuna anayevitumia. Hiyo ni hasara ya nafasi, data haijaguswa, na mashine inaweza kuwaka ikiwa hivyohivyo. Ikirudisha 2, kuna uharibifu wa kweli kwenye majedwali yanayosema kipande kipi kiko wapi. Ukarabati wenye "-r leaks" hauna makali. Ule wenye "-r all" hubahatisha pale inapobidi, kwa hiyo usubiri nakala. Na usiendeshwe kamwe mashine ikiwa inatembea. VHDX ya Microsoft, iliyokuja na Windows Server 2012, ina logi yake ya ndani kwa ajili ya majedwali hayo, na ndiyo maana inastahimili kuzimika kuliko VHD ya kale. Ofisi ambayo bado inatumia VHD ina sababu nzuri ya kuhama.

Snepshoti zinaumiza kuliko vyote nilivyotaja. Mashine yenye snepshoti tatu haina diski moja. Ina mnyororo wa mafaili manne, na kila mtoto anahesabu mzazi wake hajabadilika tangu yeye azaliwe. VMware huandika jambo hilo kwenye maandishi mafupi ya kila diski: namba ya utambulisho ya mzazi lazima ifanane na ile iliyoandikwa kwa mtoto. Mtu aliyechanganyikiwa anachukua faili kubwa kuliko yote, ambalo ni la mzazi mkuu, analifunga kwenye mashine mpya na kuliwasha. Linawaka! Anashangilia, kisha anaona data ni ya miezi sita iliyopita. Wakati huo mashine mpya imeshaandika kwenye mzazi, namba imebadilika, na watoto waliobeba miezi hiyo sita wanamkataa. Namba inaweza kurekebishwa kwa mkono, lakini vipande vilivyoandikwa juu havirudi. Vivyo hivyo mafaili ya .avhdx ya Hyper-V, hata yakionekana ya ziada kwenye folda, yasifutwe. Huenda umeme ulikatika wakati yanaunganishwa na mzazi, na data pekee ya jana imo humo. Snepshoti si bekapu, na siku ya umeme kukatika ndiyo siku tofauti hiyo inapouma.

Mashine ikifika mahali pa kuonyesha maandishi yake yenyewe kwenye skrini, tumeshaingia ndani. Mambo ya kianzishi nitayapita haraka, maana yanarekebishika. Ikiangukia kwenye ganda la UEFI, huenda ni faili dogo la kumbukumbu ya UEFI lililopotea, na njia ya kuwaka inaonyeshwa upya kwa mkono. Ikikwama kwenye keneli mpya ambayo usakinishaji wake ulikatwa katikati, chagua ya zamani kwenye menyu ya GRUB. Windows ikishindwa mara kadhaa hufungua yenyewe sehemu ya ukarabati, na bootrec ipo humo. Na mashine ya Linux ikiishia kwenye hali ya dharura, soma /etc/fstab kwanza: mara nyingi inasubiri diski ya nje au ya mtandao ambayo mtu aliiondoa mwaka jana.

Mfumo wa faili unastahili muda zaidi. ext4 na XFS hufanya kama muuza duka makini anayeandika kwenye daftari la pembeni kabla ya kugusa leja kuu. Akikatizwa, akirudi anasoma daftari na kumalizia. Usomaji huo hutokea wenyewe mfumo wa faili unapopachikwa, na ndio ukarabati bora kuliko wote. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: hata ukipachika kwa kusoma tu, daftari husomwa na diski huandikwa. Kutazama bila kugusa kunahitaji chaguo la noload kwa ext4 au norecovery kwa XFS. Ukiendesha xfs_repair wakati daftari lina kazi isiyokamilika, inakataa, inakuambia upachike kwanza, na inataja chaguo la -L kama njia ya mwisho. Mtu mwenye haraka anaiona herufi hiyo kwenye skrini, anaiandika, na daftari limefutwa. Mashine inaweza kuwaka, ndiyo. Mafaili ya dakika za mwisho yatakuwa yametoweka, au vipande vyake vimo kwenye lost+found bila majina. xfs_repair ilikataa ili kulinda kazi iliyoandikwa kwenye daftari hilo, na aliyepaswa kuisikiliza hakuisikiliza.

Kwa nini ofisi moja hukatikiwa umeme mara kumi mashine zikaamka salama, na nyingine mara moja tu ikaangamia? Tofauti huwa kwenye kashe. QEMU ina hali iitwayo unsafe, ambayo hupuuza kila ombi la mashine pepe la kuhakikisha data imefika kwenye diski. Mtu huiweka kwa sababu usakinishaji unakuwa mwepesi, kisha anasahau kuiondoa. Mwongozo wa VirtualBox wenyewe unaeleza kwamba maombi ya namna hiyo ya diski za IDE kwa kawaida hupuuzwa ili kuongeza kasi, na unatoa mpangilio wa kulizima jambo hilo. Daftari la mfumo wa faili lina maana pale tu lilipowahi kufika diskini kabla ya leja. Mfuatano huo ukivunjwa, hakuna fsck itakayousuka upya. Hili ndilo la kukaguliwa leo, mashine zikiwa nzima.

UPS nayo ikaguliwe kwa hesabu. Nyingi zimefungwa kwa waya wa umeme tu, na ule waya wa USB unaoiambia seva kwamba betri inakwisha umebaki kwenye boksi lake. UPS ya hivyo huahirisha kuzimika kwa ghafla kwa dakika kumi, haikuzuii. Ikiunganishwa, programu kama Network UPS Tools huizima seva kwa utaratibu. Lakini kama kuna mashine pepe sita zinazozimwa moja baada ya nyingine, na kila moja imepewa hadi dakika 3, zinahitajika dakika 18 kabla mwenyeji hajaanza kujizima. Betri ya dakika 10 haitoshi, hata ikiwa mpya. Ama zizimwe kwa pamoja, ama amri itolewe mapema zaidi.

Mashine ikishawaka na ukurasa wa kuingia ukionekana, bado haijawa tayari kukabidhiwa. PostgreSQL na InnoDB ya MySQL zina logi zao za kazi isiyokamilika, na huzisoma zenyewe zinapoanza. Ziachwe zimalize hata zikichukua nusu saa. Zana za kutupa zipo pia katika tabaka hili: pg_resetwal, na innodb_force_recovery yenye ngazi 1 hadi 6, ambayo waandishi wake wanaonya kwamba kuanzia ngazi ya 4 inaweza kuharibu data moja kwa moja. Hifadhidata ikitulia, chukua bekapu mpya, kisha kaa na mhasibu. Linganisheni risiti ya mwisho iliyomo kwenye mfumo na risiti za karatasi za siku ya tukio, au na ripoti ya Z ya mashine ya EFD, ambayo ina kumbukumbu yake yenyewe. Miamala iliyokosekana iingizwe kwa mkono kwanza, kwa namba zake zilezile, ndipo mtumiaji wa kwanza afunguliwe mlango wa kutoa risiti mpya.